Oveni Iliyogoma na Shemeji Mwenye Tabasamu

Jumatatu, 4 Machi

Oveni imegoma! Umeme ulikatika jana mchana, ukarudi jioni. Taa ziliwaka, feni ikazunguka, redio ikaendelea na kelele zake. Oveni peke yake ndiyo iliyoamua kununa. Leo asubuhi mke wangu aliweka ndani sinia ya mikate, akasubiri nusu saa, akafungua. Mikate imelala vile vile, myeupe, baridi kama vipande vya sabuni.

Na wiki yenyewe hii! Mwalimu mkuu wa shule ya jirani anastaafu Jumamosi, na keki ya watu themanini ameagizwa mke wangu. Ikipendeza, shule itachukua mikate yake kila wiki. Kazi hiyo ameiwinda mwaka mzima.

Akasema atampigia simu kaka yake. Huyo shemeji yangu ni fundi umeme. Mwaka jana alinikuta siku ya tatu natengeneza pasi. Akageuza kitufe cha joto kutoka sifuri hadi tatu. Pasi ikapata moto. Alitabasamu tu! Tabasamu lile limenikwama kooni hadi leo.

Nimekataa. Nimesema hakuna atakayeligusa jiko hili ila mimi. Mke wangu ameuliza nimekuwa fundi tangu lini. Swali la uchokozi.

Jumanne, 5 Machi

Kwanza usalama: kuzima umeme. Swichi kuu za ghorofa letu ziko ukutani kwenye ngazi, zote zinafanana, namba zimefutika. Nikachagua moja kwa akili zangu. Nikaishusha. Haikupita dakika mbili, fundi cherehani anayekaa chini yetu akapanda ngazi, futi shingoni, akiuliza ni mwendawazimu gani amemzimia mashine katikati ya mshono wa gauni la bibi harusi. Nikamwambia umeme umekatika mji mzima. Akatazama mkono wangu. Ulikuwa bado juu ya swichi.

"Baba wee," akasema, "mji mzima uko mkononi mwako?"

Akasonya msonyo mrefu, nadhani ulifika naye hadi chini.

Nikazima ile sahihi. Nikafungua skrubu ndani ya oveni, nikautoa ule mviringo wa chuma unaotoa joto. Ukiungua, huwa umepasuka au umevimba mahali. Wangu mzima! Laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikasirika kuliko kama ningeukuta vipande viwili. Nikaenda dukani hivyo hivyo, nikanunua mpya, nikaufunga. Baridi. Nikaufungua, nikarudisha wa zamani, labda ulikuwa umeona wivu. Baridi!

Kwa hasira nikabandua mpira unaozunguka mlango wa oveni nikausugua kwa sabuni. Haukuwa na kosa. Lakini lazima kitu kimoja humo ndani kinitii.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua jambo! Sahani moja ya kuwekea sufuria juu ya jiko, ya nyuma kushoto, nayo haipati moto. Nikaichomoa, nikaichomeka mahali pa ile ya mbele kulia. Ikaiva, nyekundu kama pilipili. Maana yake sahani ni nzima; tundu lake la kushoto ndilo bovu. Nikazima umeme (swichi sahihi, mara ya kwanza!), nikachungulia na tochi: chuma cha ndani kimeungua, cheusi tii. Mimi! Peke yangu! Bila cheti cha mtu!

Nikamwita mke wangu aje aone. Alitoka bafuni, povu masikioni. Akasikiliza maelezo yote. Kisha akauliza kama keki ya watu themanini itaokwa juu ya sahani.

Kuna watu hawana kabisa hamu ya elimu.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amekuja. Eti alikuwa anapita tu. Hakuna mtu anayepita tu ghorofa ya tatu na mfuko wa vifaa begani! Mke wangu amekana kumwita. Amekana huku akitazama dari.

Lakini nilikuwa nimejipanga. Nilichemsha chai kwenye sahani nzima, nikasimama mbele ya oveni kama askari wa lango, nikamwambia jiko limepona tangu jana. Akanyoosha shingo juu ya bega langu.

"Shemeji, hiyo saa mbona inapepesa?"

Anaisema saa ndogo ya jiko, ya namba za kijani. Sifuri nne, zinawaka na kuzimika tangu Jumapili. Nikamwambia ni pambo. Akaanza kunyoosha kidole. Nikamtia mkononi kikombe cha chai ya moto, kimejaa hadi ukingoni, ikambidi akishike kwa mikono miwili. Ushindi!

Hapo hapo mke wangu akatokea mlangoni. Alikuwa ametusikia.

"Jiko limepona?" akaniuliza mbele ya kaka yake.

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe fupi. Ulimi ukateleza upande mwingine: nikasema limepona.

Alijua naongopa, lakini hakupiga kelele mbele ya kaka yake. Afadhali angepiga. Alichukua unga, mayai na makopo yote matatu ya kuokea, akashuka ngazi. Fundi cherehani amemwazima oveni yake. Kioveni kidogo, kopo moja kwa mara moja. Shemeji alimaliza chai taratibu, akaniaga, akatabasamu. Nilitamani nimfunge ndani ya mfuko wake pamoja na bisibisi zake zote.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu amepanda na kushuka ngazi tangu alfajiri. Kopo la kwanza tayari, la pili tayari, la tatu halina nafasi kwa sababu fundi cherehani naye ana chakula cha wageni. Akampigia kaka yake mbele yangu, akamweleza ukweli wote, hata habari ya pambo. Nikasikia kicheko kwenye simu. Kisha akaniambia nisogee. Akabonyeza vitufe viwili, akaweka saa nne na dakika kumi. Oveni ikanguruma. Ikapata moto!

Kumbe umeme ukikatika, saa hupotea, na oveni za aina hii hazifanyi kazi mpaka zijulishwe saa ngapi. Siku tano! Jiko gani hilo? Bibi yangu hakuwahi kuwa na saa maisha yake yote na alilisha ukoo mzima!

Lakini mabaya yalikuwa bado njiani. Kopo la tatu lilitoka limeungua upande mmoja na upande wa pili ni uji. Joto lilikuwa linavuja kwenye kona ya mlango. Ule mpira niliousugua, niliurudisha kinyume.

Mke wangu alikaa chini, sakafuni, kopo mapajani. Nilimwambia mpira wenyewe umetengenezwa vibaya. Hakunitazama.

"Jiko liliumwa siku moja," akasema. "Siku nne zilizobaki nimeumwa na wewe. Ungeuliza tu, Baba Watoto. Kuuliza tu."

Nikaugeuza mpira, nikabana vishikizo vyake vyote kimoja kimoja, nikapitisha kiganja ukingoni mpaka nikahakikisha hakivuji kitu. Yeye akavunja mayai upya. Nikaomba kuyapiga. Akanisogezea bakuli.

Nimepiga mayai kumi na mawili. Mkono unauma. Mwiko nao umetengenezwa vibaya.

Jumamosi, 9 Machi

Keki imefika salama. Matabaka matatu, hakuna lililoinama. Mwalimu mkuu alikata kipande, akafumba macho, akala mpaka mwisho. Shule imeagiza mikate kuanzia wiki ijayo. Mke wangu alilia kidogo nyuma ya meza, nikajifanya napanga sahani ili asijue nimemwona.

Akaombwa aseme neno. Akamshukuru fundi cherehani. Akamshukuru kaka yake. Mimi nikatajwa mwisho: "na mume wangu, aliyebeba boksi." Watu wakapiga makofi. Shemeji alipiga kuliko wote!

Jioni shemeji akabadilisha lile tundu lililoungua. Dakika kumi. Nilimwambia mimi ndiye niliyeligundua. Akasema kweli, nilipatia kabisa. Alisema kwa upole, bila kutabasamu. Sijui alikuwa na maana gani. Nimelifikiria hilo jioni nzima na damu inanichemka.

Jumapili, 10 Machi

Friji limeanza kutetemeka na kupiga kelele. Mke wangu akasema tumuulize kaka yake. Nikamwambia hata kidogo! Jiko lilikuwa na saa, ndiyo maana likatusumbua. Friji halina saa. Friji ni jambo dogo.

Nimelikagua mwenyewe na tatizo nimeliona mara moja: mguu mmoja mfupi. Nikatafuta cha kuwekea chini. Kwenye droo nikakuta kitabu cha maelekezo ya friji lenyewe, kimo bado ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa tangu dukani.

Unene wake umetosha kabisa.