Kibana Matumizi

Injinia alikuwa kwa kinyozi aliposikia kwamba kambi ya jeshi imeamriwa kupunguza robo ya mafuta ya jenereta. Masikio yakamsimama. Tuseme ukweli, injini pekee aliyowahi kuiwasha mtu huyu ni mdomo wake, lakini hiyo haikuwahi kuzimika.

Kesho yake asubuhi alikuwa stoo ya kambi, suti imenyooka, akimwonyesha sajini wa stoo kiboksi chenye kitaa cha kijani. Ndani mlikuwa na mchanga na betri ya saa.

"Afande, hiki ni kibana matumizi. Kifunge kwenye jenereta uone itakavyojinyima. Hela sitaki. Nipe mapipa mawili ya mafuta yatakayookolewa, basi."

Sajini, mama wa miwani mwenye sauti ya upole iliyokwisha kuwaliza makuruta wengi, alikitikisa.

"Mbona kinachakacha?"

"Teknolojia hiyo, afande."

Sajini akashusha pumzi. Mkuu wa kambi alikuwa amemkalia kooni: mafuta yasipopungua mwezi huu, stoo anapewa mwingine. Injinia alimwonea huruma ya kweli, kwa sekunde mbili nzima.

"Mapipa yapo," sajini akasema. "Tatizo ni geti. Mafuta ya jeshi hayatoki na raia. Labda uwe wa kujitolea."

"Afande, mimi nimejitolea tangu nazaliwa!"

"Basi saini hapa. Na hapa. Dole gumba hapa."

Alisaini bila kusoma, maana macho yalishahamia kwenye mapipa. Akayaviringisha mwenyewe hadi getini, jasho likimtiririka, moyo ukimcheza kwa furaha. Mlinzi akaisoma karatasi.

"Kuruta, unakwenda wapi bila ruhusa?"

"Kuruta nani?"

"Wewe," sajini akajibu nyuma yake. "Askari wa kujitolea, miaka miwili."

Injinia akayaacha mapipa. "Afande, nihurumie! Kile kiboksi ni mchanga mtupu!"

"Najua, mwanangu, nimeusikia. Lakini hapa taa zinawaka mabweni matupu, feni zinapepea vitanda. Mwaka mzima naomba mtu wa kuzungukia swichi, naambiwa hakuna aliyejitolea."

Akafungua daftari la kupokelea vifaa, akaandika taratibu: *Kibana matumizi, kimoja.* Akamtazama Injinia kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akajaza sehemu ya hali ya kifaa: *Kizima.*