Mheshimiwa Aenda Kupigwa Picha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Jana tulikula kwa Mama. Nikakalia kiti kinachotazamana na ukuta wa picha. Kosa kubwa.

Kaka yangu mkubwa yuko pale akihitimu chuo. Yuko akioa. Yuko na mtoto wa kwanza, yuko na mapacha, yuko akikata utepe wa ofisi yao mpya, mkasi mkononi, tumbo mbele. Marehemu Baba yuko katikati, amekunja uso. Na mimi? Mimi niko mara moja. Picha ya pasipoti, imechomekwa kwenye pembe ya fremu ya Kaka. Sikio langu la kushoto halionekani.

Nilimuuliza Mama, kwa sauti ya utani, kwa nini mimi sina fremu. Akasema ukuta ule ni wa familia, na siku nitakayopata familia nimletee picha, msumari anao. Shemeji akainamia sahani. Alikuwa anacheka, niliyaona mabega.

Lakini familia ninayo! Iko hapa miguuni pangu inatafuna soksi. Mheshimiwa. Rangi ya chai ya maziwa, sikio moja juu, jingine chini, uso wa mtu aliyecheleweshewa pensheni. Nilimpa jina hilo kwa sababu hafanyi kazi yoyote na lazima asubiriwe.

Nimeamua. Picha ya studio. Mimi na Mheshimiwa, fremu ya rangi ya dhahabu. Mama anatimiza miaka sabini Jumamosi ya wiki ijayo. Nitaifunua mbele ya wote. Kaka atakohoa na kutafuta maji.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mwenzangu wa kaunta hapa dukani kwetu (tunauza miwani) anasema mpiga picha hodari ni yule mama mwenye studio ghorofani, juu ya duka la dawa. Nikampigia simu wakati wa mapumziko. Sauti ya upole, haina haraka. Anapiga maharusi, wahitimu, na watoto. Nikauliza, kama mtu anayeuliza tu, kuhusu wanyama. Akasema hapana. Aliwahi kupokea kasuku, na kasuku akamtukana bibi harusi. Tangu hapo basi.

Nikasema mimi nina mtoto.

Huo si uongo. Namlisha, namwogesha, anadeka. Akauliza umri wake. Mitatu. Wa kiume? Wa kiume. Anatulia akikaa? Akitaka mwenyewe. Kuna kitu anachokiogopa? Ngurumo na ufagio. Akasema watoto wengi wako hivyo. Je, wageni anawazoea? Nikasema anawazoea vizuri, akishawanusa.

Nikasikia kalamu yake ikiandika. Kisha akasema ataandaa maputo.

Miadi ni Jumamosi asubuhi. Tayari! Mambo yanakwenda kama yamepakwa mafuta.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Picha bila sare si picha. Nimekwenda kwa fundi cherehani kushonesha vizibao viwili vya kitambaa kimoja, bluu ya kukolea, changu na cha mtoto. Fundi akasoma vipimo nilivyoandika. Akasoma tena. Akauliza ni mtoto gani huyu mwenye kifua cha mtu mzima na hana mabega. Nikasema tuko hivyo ukoo mzima. Akauliza kama anataka mikono mirefu au mifupi. Nikamwambia hapana, aiache wazi yote minne.

Ulimi! Ulimi wangu huu!

Fundi akaweka utepe wake mezani na kunitazama. Sikuwa na pa kujificha. Kisha akasema kwa utulivu kwamba mteja wa namna hiyo hapimwi kwa karatasi, aletwe. Nikamleta jioni. Mheshimiwa akasimama wima kama gavana, akazungushwa, akainua mguu alipoambiwa. Fundi akasema ana wateja wengi wenye digrii ambao hawajui kusimama hivyo. Wakati tunamsifu akala chaki.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Maji yamenifika shingoni, na mengine yako sakafuni. Nimemwogesha Mheshimiwa kwa shampuu yangu ya bei. Alitoka bafuni na povu lote, akapita juu ya kitanda, akajikausha kwenye pazia. Sasa ana harufu ya limau na mimi nina harufu ya mbwa.

Balaa la pili. Dereva wa teksi ninayemjua amekataa. Anasema viti vyake ni vipya. Wa pili alikubali, kisha akauliza kama mbwa ana haja ndogo ya mara kwa mara, nami kwa ujinga nikafikiri kabla ya kujibu. Akakata simu.

Mwenye gari ni Kaka peke yake. Kaka! Nimpigie Kaka, nimwambie anipeleke nikapige picha ya kumwangusha ukutani?

Nilizunguka sebule. Nikapiga moyo konde, nikampigia. Nikamwambia Mheshimiwa ni mgonjwa, nahitaji kumkimbiza kwa daktari wa mifugo kesho asubuhi. Nilitia sauti ya majonzi. Kaka akauliza mara moja anaumwa nini. Nikasema tumbo. Akauliza kama anakunywa maji. Nilipotazama, Mheshimiwa alikuwa ananywa maji ya kwenye ndoo ya kudekia, kwa kelele. Nikasema kidogo kidogo tu.

Kaka akasema atafika mapema, nisiwe na wasiwasi. Sauti yake ilinitia aibu kwa muda mfupi. Nikapiga pasi kizibao, ikaondoka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku yenyewe. Nitaandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Kaka alifika amevaa suti, alikuwa njiani kwenda kikaoni. Ametandika kiti cha nyuma shuka safi kwa ajili ya mgonjwa. Mgonjwa akatoka mlangoni mbio, ndani ya kizibao cha bluu, akamrukia kifuani. Kaka akatazama kizibao cha mbwa. Akatazama changu. Akafungua mlango wa gari.

Kwenye njia panda nikamwambia apinde kushoto. Akasema daktari wa mifugo yuko kulia. Hapo ikabidi niseme. Nilisema haraka haraka, nikiangalia nje ya dirisha: Mama, ukuta, sikio langu, sabini. Nilitegemea acheke. Akaendesha mpaka duka la dawa, akazima gari, ndipo aliposema.

"Unajua mimi siku zote nilitaka mbwa?"

Sikujua. Miaka yote hii! Akasema alipokuwa mdogo aliomba, Baba akakataa, na sasa Shemeji anapiga chafya hata akimwona mbwa wa kwenye kalenda. Akauliza kama anaweza kupanda nasi juu, atazame tu. Kikao je? Akasema kikao kina watu wengi wa kukaa.

Mpiga picha alitufungulia na puto mkononi. Ni mwanamke mnene, mtulivu, miwani imening'inia kifuani (fremu ya zamani, ningeweza kumshauri). Nyuma yake kulikuwa na zulia dogo, wanasesere, na beseni la kuchezea lenye bata wa plastiki. Akatafuta mtoto kwa macho. Akafika kwa Mheshimiwa.

"Huyu ndiye?"

Nikasema ndiye. Mheshimiwa akamwendea taratibu, akamnusa mkono, akakaa chini na kumpa mguu. Mama wa watu akaupokea. Akautikisa. Kisha akasema angalau huyu hatamtukana mtu, akaenda kuwasha taa. Nilitaka kumkumbatia.

Mheshimiwa ni nyota. Lazima niseme ukweli. Tatizo lilikuwa mimi. Taa zikagonga miwani yangu, kila picha nina sahani mbili nyeupe usoni. Mpiga picha akaniomba niivue. Nikaivua. Bila miwani mimi siwezi kutofautisha kamera na friji. Nilitabasamu kwa upendo mkubwa, mpaka mashavu yakauma, ndipo akaniambia kwa adabu kwamba naitabasamia nguzo ya makoti.

Halafu Mheshimiwa akachoka. Akageuka, akanipa mgongo. Nikamwita, nikabembeleza, nikatoa biskuti. Akala biskuti akiwa amegeuka. Sasa kumbe anamtazama nani? Kaka, aliyekuwa amesimama pembeni ameshika makoti yetu. Kaka akisogea, naye anageuka. Kaka akipiga chafya ya vumbi, Mheshimiwa anasimama. Mpiga picha akamwomba Kaka akae nyuma ya kamera ili mbwa atazame mbele. Ikasaidia kidogo, ila mbwa akawa anaondoka zuliani kumfuata. Mwishoni akasema, hebu bwana akae pale pale zuliani apigwe moja, mbwa atulie, kisha atatoka tuendelee. Kaka akakaa sakafuni na suti yake. Mheshimiwa akaweka kichwa begani pake na kushusha pumzi.

Nilikuwa natafuta miwani yangu, nimeinama. Nikasikia kamera inalia.

Kaka hakutoka zuliani haraka. Wala mimi sikumfukuza. Alikuwa anacheka kama zamani tulipokuwa tunalala chumba kimoja. Hilo naliandika hapa tu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekwenda kuchagua. Zangu zote ni msiba. Katika ile iliyo bora zaidi naitazama nguzo ya makoti kama mchumba wangu, na Mheshimiwa ameonyesha mkia.

Kisha mpiga picha akanionyesha ile moja. Sijaona picha nzuri kama ile. Mbwa amefumba macho nusu, Kaka anacheka meno yote nje, mwanga wa dirisha umewaangukia wote wawili. Kwenye ukingo kuna kitu cha bluu. Nikauliza ni nini. Akasema ni kiwiko changu.

Nikamwomba amtoe Kaka, aniweke mimi. Siku hizi si kuna kompyuta? Akasema inawezekana, ila mbwa atakuwa ameegemea mtu ambaye hampendi hivyo. Alisema bila ubaya wowote. Nikaagiza ile ya nguzo ya makoti, kubwa, fremu ya rangi ya dhahabu. Potelea mbali! Kaka hataingia ukutani mara nyingine kwa mgongo wa mbwa wangu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Sabini ya Mama. Sebule imejaa. Nimefika na furushi langu kubwa kwapani. Mheshimiwa nimemfunga barazani, Mama hataki mbwa ndani.

Kaka naye alikuwa na furushi. Ukubwa ule ule. Karatasi ya studio ile ile! Alikwenda kwa siri Jumatatu, akaagiza ile nzuri. Akaninong'oneza kwamba alitaka kunifurahisha, maana nami nimo. Alimaanisha kiwiko.

Mama akaanza na la Kaka. Akalitoa karatasi, akaliegemeza kwenye kiti, akarudi nyuma kidogo. Akaitazama picha. Nikajua anatafuta maneno ya kumkemea mtu kwa kumletea mbwa ndani, hata kama ni wa karatasi.

"Jamani," akasema, "huyu ana uso wa baba yenu akisubiri taarifa ya habari."

Tukamtazama mbwa. Tukamtazama Baba ukutani. Lo! Nyusi zile zile. Manung'uniko yale yale. Shemeji alikuwa wa kwanza kupasuka, kisha mapacha, kisha Kaka akaegemea ukuta anafuta machozi. Mama alicheka mpaka akashika meza. Akasema miaka arobaini aliishi na uso ule na hajapata kuukumbuka vizuri namna hii. Msumari ukaletwa. Mheshimiwa akatundikwa kando ya Baba.

Kisha langu. Nilitamani sakafu inimeze. Mama akalifunua, akanitazama nilivyo pichani, macho yamelegea kwa mapenzi, mkia wa mbwa chini ya kidevu changu. Akacheka tena, lakini taratibu, akanivuta kichwa na kunibusu kwenye paji la uso.

Akasema hii haitakaa sebuleni. Itakaa karibu na kitanda chake, ili akiamka amechoka aitazame kwanza kabla ya kitu kingine. Akaenda kuiweka mwenyewe. Aliporudi alipitia barazani. Alirudi na Mheshimiwa. Ndani! Akampa kiti cha Baba.

Tulikula, tulicheza, Mheshimiwa alipokea wageni. Sijui lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo katika nyumba ile.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimelala vizuri, nimeamka na akili safi. Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Chumbani si ukutani! Chumbani nani anaingia? Ukutani nina kiwiko tu, na Kaka sasa ana fremu ya ziada, tena yenye mbwa wangu.

Lakini Mama amepiga simu. Anataka picha moja kubwa ya ukoo mzima, studio ile ile, Jumamosi ijayo, Mheshimiwa akae mapajani pake. Atakayekaa kulia kwake ndiye atakayeonekana vizuri. Amenikabidhi mimi kuwaarifu wengine.

Nimeshamwarifu Kaka. Nimemwambia saa tano. Miadi ni saa nne. Mpaka afike, sisi tumeshapigwa, mimi niko kulia kwa Mama, na mbwa ametulia tuli anatazama kamera. Sioni kitu gani kinaweza kuharibika.