Mpini wa Mlango wa Kanisa

Jumatatu, 12 Julai 1993

Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Nimenyoa wateja wawili tu chini ya upenu wa mashine ya kusaga. Wote wameondoka na mvi za unga. Mmoja ametaka nimpunguzie bei, eti amekaa kijana na kuinuka mzee.

Habari kubwa: chumba cha lile duka la ushirika lililofungwa sasa kitatolewa kwa mtu binafsi. Kina dirisha la kioo na mlango wa kufuli. Tunaokitaka ni wawili: mimi, na Tarsisi, anayenyoa kwa vile viwembe vya plastiki vya kutupa vilivyojaa madukani siku hizi. Mwenye kauli ni Mzee Baltazar, mwenyekiti wa kamati ya soko. Amesema Jumamosi, siku ya gulio, tutamnyoa mbele ya watu, kila mtu shavu lake. Atakayemridhisha atapewa ufunguo.

Nikikikosa, kaka ameshasema narudi kuchuma kahawa yake. Mimi, mtu wa kidato cha nne, nipangiwe safu pamoja na watoto wake.

Jumanne, 13 Julai

Mpango umepatikana. Mzee ana wembe wa kukunja wa marehemu baba yake, aliyekuwa mpishi wa mapadre. Nilikwenda kwake jioni, nikatoa shikamoo mbili, moja yake na moja ya marehemu. Nikamwambia ni aibu shavu la mwenyekiti kukwanguliwa na plastiki. Nitaufufua wembe wa baba yake na kumnyolea huohuo.

Aliingia chumbani, akarudi na soksi. Akautoa humo. Chuma kimeliwa na kutu, mpini wa pembe umetafunwa na panya. Akasema, Othmar mwanangu, usiniharibie, kitu cha baba nilichobaki nacho ni hiki tu. Nikajibu kuwa kwangu kazi hiyo ni kunywa maji.

Tarsisi alinikuta njiani. Akauliza soksi ya pili nimemwachia nani.

Jumatano, 14 Julai

Majivu, mafuta ya taa, kigunzi cha mahindi. Nimesugua mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Kisha jiwe la kunolea, kisha mkanda wa ngozi. Wembe unameta. Nikaujaribu kwenye nywele za mkono. Zimeondoka bila kuaga.

Mpini ndio balaa. Nilichonga vibao viwili kutoka mguu wa kigoda, mti mkavu, nikavilainisha kwa majani ya msasa. Nikatoboa, nikapitisha msumari wa shaba, nikaanza kuufua kichwa chake ili ushike. Pigo la mwisho halikuhitajika. Vibao vyote vimepasuka. Sina mpini, wala kigoda hakisimami.

Alhamisi, 15 Julai

Nimefikiri kisomi. Mti mkavu hupasuka, basi nitumie mbichi. Nikashuka bondeni, nikakata tawi la mlombwa. Likatoa utomvu wake mwekundu kama ilivyo kawaida ya mti huo, nikaufuta. Unachongeka kama muhogo! Misumari imekaa bila ufa. Nikaupaka mafuta ya karanga, ukawa mpini wa kuvutia kabisa.

Lakini mwenyekiti atajivunia nini kwa tawi la asubuhi? Restituta, kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa, huuza maandazi mbele ya mashine. Aliponiuliza ni mti gani, nilijikuta nasema ni mlombwa, ndiyo, ila mkavu wa miaka mingi, umetoka kwenye mlango wa kigango cha zamani kule ziwani, upande wa Lipingo. Akaubusu.

Kufikia jioni soko zima lilijua. Tarsisi akanusa mpini, akasema kumbe milango ya makanisa huko ziwani hukaangwa kwa karanga.

Jumamosi, 17 Julai



Watu walijaa mpaka kwenye vichanja vya kahawa. Niliomba nianze, nikapewa shavu la kushoto. Nikauloweka wembe kwenye kikombe cha maji ya moto, mpini na vyote, ili chuma kisimpige mzee baridi. Povu zuri. Wembe ukapita laini, hakuna aliyekohoa. Mzee alifumba macho kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nilipofika kooni, kitu chekundu kikateremka kwenye kiganja changu, kikapita shingoni mwake, kikaingia kwenye taulo jeupe. Mama mmoja akapiga yowe. Mzee hakujitikisa. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama bado yumo duniani.

Tukamwosha. Hakuna jeraha. Tukamwosha tena. Shingo ni nzima. Basi kila mtu akautazama mpini, na mpini ulikuwa ukidondosha tone moja moja.

Nilifungua mdomo niseme. Restituta akaniwahi. Akasema mlombwa mkavu hautoi damu, hilo hata mtoto analijua, lakini huu ni wa mlango wa kanisa. Akapiga magoti. Wakapiga magoti. Mzee Baltazar naye, povu kwenye shavu la kulia. Tarsisi alibaki amesimama peke yake na kiwembe chake cha plastiki, mpaka akavutwa suruali.

Mzee ametangaza kwamba plastiki haitamgusa. Ataacha ndevu za kulia kama zilivyo mpaka Padre Romanus, paroko wetu, arudi kutoka kutembelea vigango vya ziwani. Padre akithibitisha, chumba ni changu.

Nilipiga magoti na mimi. Ningefanyaje?

Jumapili, 18 Julai

Misa bila padre, katekista kaongoza. Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wakilitazama shavu la mzee.

Niliutundika wembe juu ya mafiga ukauke, yaishe. Restituta akaja na akina mama wa jumuiya, wakataka kuuona ukilia. Ukikauka nitaitwa mwongo, ukilowana naitwa mtumishi. Nimeuviringisha kwenye kitambaa kibichi.

Tarsisi amebandika karatasi kwenye meza yake: viwembe vyake havina historia, lakini havilii.

Jumatatu, 19 Julai

Wateja wengi kuliko mwezi mzima. Hakuna anayetaka kunyolewa, wanataka kugusa. Nimepima dirisha la chumba kwa ajili ya mapazia. Kaka amekuja, akaniita mdogo wangu mbele za watu. Hajawahi.

Namwombea Padre Romanus kazi nyingi huko ziwani.

Jumanne, 20 Julai

Amerudi. Kaniita uani pa parokia, pamoja na mzee, Restituta na Tarsisi. Akafungua kitambaa. Wembe umeshika kutu, madoa kama ya upele. Mzee akayapitishia kidole.

Padre akauliza kwa upole mlango huo niliutoa kigango gani. Nikakitaja cha kwanza kilichonijia. Akasema jana amesali hapohapo. Kigango hicho hakijawahi kuwa na mlango, wanasimamisha mkeka wa matete kuzuia mbuzi. Kisha akaukwaruza mpini kwa ukucha. Ndani ulikuwa mbichi kama mboga.

Nikasema yote. Restituta alifuta midomo yake kwa khanga.

Mzee Baltazar aliketi palepale kwenye kigogo, akamwambia Tarsisi amalizie upande uliobaki. Ndevu zilikuwa ngumu, viwembe vitatu vikaziba. Shavu likatoka vipele. Hata hivyo ufunguo akampa yeye.

Kwangu akasema, mwanangu, ungeniambia tu ni tawi la bondeni. Shavu lile la kushoto, tangu baba afe sijanyolewa hivyo. Chumba kilikuwa chako.

Akaurudisha wembe ndani ya soksi, na kutu yake.

Ijumaa, 23 Julai

Nimechuma kahawa tangu asubuhi, safu ya katikati, baina ya watoto wa kaka. Wanacheka chinichini. Mkubwa ameniuliza kama mibuni nayo hulia.

Nimepata nafasi ya kutafakari kwa utulivu, safu kwa safu, na nimeliona kosa langu. Nilichagua kigango ambacho Padre anafika.

Nimesikia yuko mzee mmoja kijiji cha Matiri, naye mwenyekiti wa soko, ana wembe wa kukunja usio na mpini. Jumapili nitakwenda kumwamkia. Safari hii mlango utakuwa umetoka ng'ambo ya ziwa.