Samaki wa Siku ya Kufukuzwa Kwangu

Élisabethville, Juni 1961

Bwana Mhariri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na furaha kubwa na mshahara mdogo. Furaha yangu inaitwa Delphine. Tulifunga ndoa baada ya Pasaka, na tangu hapo hata samaki wakavu wa Kilwa yetu ya ziwani, ninaowaandikia hesabu katika depo, yaani ghala, ya bosi wangu, patron Rigobert, wananinukia maua. Lakini mshahara umepunguzwa, na chumba tulichokipata mtaa wa Bel-Air kitapewa wengine tusipokilipia mwisho wa mwezi.

Nilipouliza sababu, patron hakukasirika. Alipanga samaki watano mezani. "Donat, angalia. Kazi yako inaniletea samaki tano. Mbili ni ya kodi, serikali inanilipisha juu ya kila mufanyakazi. Moja naiweka ya siku nitakufukuza, juu sheria inasema siku ile nikulipe mingi. Yenye kubakia njo yako." Wakabaki wawili, ndio mshahara wangu. Samaki wa patron mwenyewe sikumwona mezani.

Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi ya kodi inasema mlipaji ni patron. Namshukuru sana kwa kulipa. Ila samaki wake wa kodi wametoka kwenye fungu langu, na anayekonda ni mimi.

2. Samaki wa kufukuzwa ni wangu, lakini siwezi kumla mpaka nifukuzwe. Kila mwezi nalipia ugomvi ambao mimi na patron bado hatujagombana. Delphine, ua la moyo wangu, alilia aliposikia. Baba mukwe Laurent naye ana mbuzi mmoja wa mali ya ndoa niliyotoa ambaye hajamchinja; amemfunga nyuma ya nyumba ili amrudishe kama Delphine akiniacha. Kwa hiyo mjini humu kuna wazee wawili wenye heshima wanaotunza chakula kwa ajili ya siku ya balaa langu, na mimi nalala njaa katikati ya akiba.

3. Chileshe, ndugu ya Delphine, aliomba kazi depo. Patron alimpenda, maana ana mabega mazuri, kisha akamkataa: "Kuingiza muntu ni mwepesi, kumufukuza njo bei." Sasa Chileshe anakula kwangu na kulala nyuma ya pazia letu, na kila nikimwambia muke wangu neno tamu, anakohoa. Yaani nalipia kufukuzwa kwa shemeji ambaye hajawahi kuajiriwa.

Naomba kwa heshima wakubwa waifute sheria hiyo, patron awe huru kumfukuza yeyote saa yoyote. Wakishindwa, basi nifukuzwe kila Jumamosi adhuhuri, nipewe samaki wangu, niajiriwe tena Jumatatu asubuhi. Jumapili nitakuwa mtu asiye na kazi, kodi haitanipata, na nitamwangalia Delphine mchana kutwa. Wakishindwa hilo pia, maarusi wasamehewe kodi mpaka mapenzi yapoe. Ya kwetu, kwa hesabu yangu, yatapoa tukishazikwa.

Nawasalimu nyote hapo gazetini, wapanga herufi na wake zao, na walio bado wapweke: msikate tamaa, yuko mchumba mahali fulani anachana nywele.

Wako katika ndoa na taabu,
Donat, karani wa samaki, mume wa Delphine

N.B. Patron ameisoma barua hii juu ya bega langu, kwa kuwa nimeiandika saa za kazi, kwa wino wake, lori la Kilwa likingoja nje kupakuliwa. Amepiga kelele hadi barabarani: "Weye Donat! Kama haikuwa sheria ile, leo ungelala inje! Ngoja, samaki yako ya kufukuzwa iko karibu kutosha!"

Bwana Mhariri, tafadhali usichapishe hata neno moja. Sheria hiyo ni nzuri kuliko zote. Waambie wakubwa wasiiguse, ila wapandishe bei ya kunifukuza, patron alazimike kutunza samaki wawili badala ya mmoja, tena wale wanene, na waanze mwezi huu huu.