Jiwe la Mpaka Halikusogezwa na Mimi

Kwako Mama Nyirabagenzi,
Mwenyekiti wa Wapatanishi wa kijiji chetu, Rubavu.

Mama Mwenyekiti,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na uchungu. Jirani yangu Mbonigaba amenishtaki kwenu kwamba nimesogeza jiwe la mpaka hatua mbili ndani ya shamba lake la viazi. Kila akipita huuliza kwa sauti, “Donc, kwa hiyo hii jiwe iko na miguu?” Nimenyamaza vya kutosha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari Umuhoza, msomi wa miamba, alibandua kipande cha jiwe hilo akakipima maabara. Amekuta kwamba zamani liliyeyuka nusu, nusu ikabaki ngumu, na chembe zilizomo ndani zimetunza tarehe. Lina miaka bilioni moja na ushei. Hati ya Mbonigaba ni ya mwaka 2012. Sasa, Mama, kati ya mashahidi hawa mkubwa ni nani?

2. Daktari anasema liliyeyuka wakati bara lilipovutwa huku na huku hadi likawa jembamba, joto la chini likapanda. Maana yake ardhi ilisogea yenyewe. Kama Mbonigaba amepungukiwa, basi ashtaki bara.

3. Umri wa jiwe unaweza kukosewa kwa miaka milioni kumi, na wasomi wanaridhika. Mimi kitambulisho changu kilikosewa miaka miwili, nikarudishwa dirishani mara nne. Hili halihusiani na mpaka, lakini linaniuma.

4. Daktari anasema nchi yetu bado inavutwa, polepole. Basi hatua nyingine mbili zaweza kufuata kabla ya mavuno. Naomba Mbonigaba azuiwe kupanda hapo asije akapata hasara. Nitapanda mimi, nimezoea shida.

Sitaficha hofu yangu: kwenye hatua hizo mbili mke wangu Uwimbabazi amejenga jiko. Likivunjwa, sijui nitamtazama vipi.

Wasalimie wapatanishi wote, na Mzee Sulaiman anayesinzia kikaoni. Mbonigaba naye msalimie, kwa mbali.

Wako mtiifu,
Rutagengwa

Nyongeza: Siku ya shauri, tafadhali Daktari Umuhoza asialikwe. Jiwe nililileta mwaka juzi kutoka Karongi, mbali na hapa, kwa lori la rafiki yangu Janvier, na Daktari kwa jiwe hilo ameshachora ramani nzima ya jinsi Rubavu ilivyovutwa. Ni mtoto wa watu, sipendi aumie kwa ajili ya jiko.