Alumini Niliyoitunza Imenitoa Ngeu

Jamani, leo nimeaibika mpaka nyusi imevimba. Naandika kwa jicho moja, kwa hiyo mnisamehe makosa.

Wengi mnajua nimo kwenye klabu ya kulenga shabaha hapa Walthamstow, huku ughaibuni. Bunduki za upepo, zile za virisasi vidogo, tunatoboa karatasi ukumbini kila Jumapili. Miaka miwili mimi ni mchezaji wa akiba. Yaani napanga viti na kuchemsha chai. Leo ilikuwa inagombewa nafasi moja iliyobaki kwenye timu, kati yangu na Mzee Balbir, mzaliwa wa Arusha, mwenye duka la vitambaa kule Barking na Kiswahili kinachokishinda changu.

Na kwa mara ya kwanza binti yangu Neema, miaka kumi, alikubali kuja kuniangalia. Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kuniona nikishinda kitu chochote. Nilitaka aone.

Balaa lilianzia kwenye kishikio cha darubini, kile kidude kinachobana darubini juu ya bunduki. Vipo vya polima na vya alumini. Polima ni nyepesi, haipati kutu, na Mzee Balbir anaitumia miaka yote. Lakini polima ni nini? Ni plastiki iliyosoma! Wiki tatu nzima, kila mapumziko pale Stratford ninapolinda maduka, nilitazama video za watu wakibishana kuhusu vidude hivyo. (Kuna watu wanatumia mapumziko kula.) Mwisho nikaagiza alumini. Nyeusi, inang'aa, ina uzito wa kueleweka.

Nikaanza kumkera mzee wa watu. "Mzee, hicho chako si cha kushikia mswaki?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Kinashika, bwana mdogo. Ndiyo kazi yake."

Changu kilikuja kimegandishwa nailoni nyembamba kila upande, kisikwaruzike. Jana mchana nikakifunga kwenye bunduki hivyo hivyo. Neema alikuwa amesimama pembeni.

"Baba, you're meant to peel that off."

"Mwanangu, kitu kipya kinatunzwa."

"But it's slippery."

"Nimekaza skrubu mpaka mkono unauma. Kamsaidie mama yako."

(Kwetu rimoti ina miaka sita na bado imo kwenye nailoni yake. Nimelelewa hivyo, mnanijua.)

Basi leo Mzee Balbir akapiga kwanza, virisasi kumi. Alama tisini na moja kati ya mia. Sikutishika, mazoezini nafika tisini na tano.

Nikakaa. Nikamkonyeza Neema. Cha kwanza, katikati. Cha pili, katikati! Neema akaninyanyulia vidole gumba vyote viwili. Jamani, ile raha sijawahi kuipata tangu nitue nchi hii.

Sasa bunduki yangu ni ya springi, kila ukipiga inaruka kidogo. Cha tatu kikaenda pembeni. Cha nne pembeni zaidi. Nikalaumu upepo. (Tulikuwa ndani, madirisha yote yamefungwa.) Cha tano sikukiona kabisa kwenye karatasi yangu. Jamaa wa kushoto kwangu ndiye aliyeinua mkono kusema karatasi yake ina tundu asilolijua.

Ningeishia hapo. Ningesema tumbo linauma. Badala yake nikasogeza jicho karibu kabisa na darubini ili nione vizuri, nikapiga cha sita. Darubini ikachomoka na kishikio chake kama sabuni bafuni, ikanipiga kwenye nyusi. Nikapiga yowe. Sitadanganya, halikuwa yowe la mtu mzima.

Msimamizi wetu Bi Maureen, nesi mstaafu, akasimamisha kila kitu, akanipa barafu, kisha akaiinua bunduki kuikagua. Akaona kipembe cha nailoni. Akakishika kwa kucha, akavuta. Chwaaaa. Akalegeza skrubu, akakuta nailoni mpaka chini kabisa, pale alumini inapotakiwa kubana chuma.

"Darling, was this supposed to stay on?"

Aliuliza kwa upole. Ule upole ndio ulioniua.

Mzee Balbir akaja, akainama, akaitazama ile nailoni mkononi mwa Bi Maureen. "Kumbe bwana mdogo na wewe ni mtu wa plastiki."

"Mzee, niache."

"Nakuacha. Ila yangu inashika."

Nafasi kachukua yeye. Mimi nimerudi kwenye chai.

Kwenye basi Neema aliketi karibu yangu. Nilitamani anicheke, maana mtoto akikucheka unajua bado mko sawa. Hakucheka. Akasema tu, "Baba, the first two were really good." Nikageukia dirishani. Jicho lilikuwa linatoa machozi. Ni ile ngeu, msianze.

Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye rimoti, akaanza kuichuna nailoni. Mama yake akaruka, "We Neema! Utaiharibu!" Mtoto akanyoosha kidole kwenye uso wangu. Mama yake akaniangalia, akaangalia rimoti, akaketi.

Naomba asicheke mtu. Na wewe uliyekwishaanza, kaangalie rimoti yako kwanza.