Kibao cha Roswitha na Bastola ya Risasi Nene

Jumatatu, 4 Septemba

Nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Mkutano wa chama cha shabaha. Mwenyekiti akauliza nani atatoa kibao cha heshima mwaka huu. Nikasimama kabla hajamaliza. Nikasema nitakitoa mimi, kwa kumbukumbu ya marehemu mke wangu Roswitha, aliyewapikia saladi ya viazi kila sherehe hadi Pasaka iliyopita. Wakagonga meza kwa ngumi, ndiyo makofi yetu. Bi Kunigunde, msimamizi wa uwanja, akatoa leso. Nikaketi kifua mbele.

Kisha Gottlieb Pfann akaniinamia sikioni. Akasema, "Asante, jirani. Nimeshajua nitakitundika wapi. Juu ya kochi."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kibao ni cha mbao, duara, kimechorwa picha. Kila mwanachama anakipiga risasi moja tu. Aliye karibu zaidi na kitovu anaondoka nacho. Ndivyo ilivyo tangu enzi za babu zetu, na mimi nimezeekea humo chamani, nami nimesahau.

Gottlieb ndiye bingwa wetu. Gottlieb ndiye pia aliyecheza dansi na Roswitha kabla yangu, kwenye sherehe ya mavuno, na mama mkwe hakuacha kumsifu mpaka alipozikwa. Sasa Roswitha akakae juu ya kochi la Gottlieb, akimtazama akikoroma.

Chakula cha jioni sikukigusa. Ila soseji.

Jumanne, 5 Septemba

Nimepata njia. Mtoa kibao ndiye anayechagua silaha. Gottlieb ni bingwa wa bastola ya upepo, ile isiyopiga kelele kuliko mtu kufungua chupa. Bastola ya risasi nene hana. Husema inamuumiza kiwiko.

Basi nimechagua risasi nene. Nimempigia simu mwenyekiti. Akauliza kama mimi mwenyewe ninayo. Nikamjibu hilo ni jambo dogo.

Kibali cha kuinunua nilikuwa nacho tangu majira ya baridi. Roswitha alikibandika kwenye friji chini ya sumaku ya bata, akaniambia niendelee kukitazama mpaka hamu iniishe. Nimekwenda Bamberg kwa basi. Muuza duka akaniuliza ninaitaka kwa ajili ya nini. Nikasema mapenzi. Akaomba kukiona kibali mara ya pili.

Nimerudi nayo. Nzuri sana. Nzito kama pasi. Risasi yake ni nene kama kidole changu cha mwisho.

Ijumaa, 8 Septemba

Jaribio la kwanza uwanjani. Nilivaa shati jipya, ukosi wazi. Kosa.

Risasi ya kwanza: bastola iliruka kama jogoo aliyekanyagwa mkia. Ya pili: ganda la risasi, bado la moto, lilitoka ubavuni mwa bastola, likapaa, likaingia ndani ya shati. Nikaiweka bastola mezani kwanza, kama sheria inavyotaka, ndipo nikacheza. Bi Kunigunde alisema hajaona dansi ya polka ya namna ile tangu arusi ya dada yake. Ya tatu ilikwenda darini. Akaniarifu, kwa upole wa mwalimu, kwamba dari haimo katika mashindano.

Ngozi ya kidole gumba imechunika. Nilipofika nyumbani nikaita, "Roswitha, lete plasta," kisha nikasimama pale ukumbini na koti langu, kwa kitambo. Plasta zimo kwenye kopo la biskuti. Ni yeye aliyeziweka humo, ili nizikute nikitafuta biskuti.

Jumapili, 10 Septemba

Kwa shemeji Mechthild, mdogo wake Roswitha. Ndiye anayechora kibao. Amemchora dada yake akisukuma baiskeli kutoka sokoni. Kitovu kiko katikati ya gurudumu la mbele. Kulia kuna mti wa plamu umejaa. Kushoto ndiye Roswitha, na koti lake la kijani. Kifungo cha tatu ni cha kahawia. Kile cha asili kilipotea safarini, akanyofoa kimoja cha koti langu bila kuniuliza, akasema mimi sifungi kamwe hicho. Kweli sikifungi.

Nilimwambia shemeji amsogeze mbali zaidi na kitovu, asije mtu akampiga. Akasema, "Shemeji, kama mnaogopa kumpiga, mngechora bata." Kisha akanikatia keki ya plamu, kipande kikubwa, akajifuta macho kwa mkono wenye rangi. Sasa ana shavu la kijani. Sikumwambia.

Jumatano, 13 Septemba

Balaa. Bi Kunigunde amesoma kanuni. Mtoa kibao akichagua silaha ambayo wengine hawana, sharti aiweke yake mezani, watu wote waitumie. Na gharama ya risasi ni juu yake.

Kwa hiyo Gottlieb atamnyakua Roswitha kwa bastola yangu mwenyewe.

Alifika uwanjani jioni kuijaribu. Akaipapasa kama ng'ombe wa mnadani. Akasema, "Mali hii, mzee. Umeuza shamba?" Akapiga. Nikakodoa macho. Risasi zake zote zilikwenda kushoto, upana wa kiganja. Zote. Anashtuka! Kabla ya mlio anafumba jicho na kuivuta bastola upande. Bingwa wa upepo anaogopa kishindo.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nimemlisha hata paka wa jirani.

Ijumaa, 15 Septemba

Gottlieb hanitishi tena. Lakini nimewafikiria wengine. Bi Kunigunde hupiga katikati huku akizungumza na mtu mwingine. Mwokaji naye si mbaya.

Nimeamka na wazo safi. Kilengeo cha nyuma cha bastola kina skrubu ndogo. Ukiizungusha, bastola inapiga pembeni ya pale unapolenga. Nimechukua bisibisi ya miwani ya Roswitha na kuizungusha mpaka risasi iende kulia, upana wa kiganja. Wote watalenga kitovu na wote watapiga mti wa plamu. Mimi peke yangu najua siri. Nitalenga upana wa kiganja kushoto, risasi itaingia katikati.

Si udanganyifu. Ni bastola yangu, na skrubu ni yangu.

Jumamosi, 16 Septemba

Naandika kwa shida. Nitajaribu kueleza kwa utaratibu.

Walianza. Mwokaji: mti wa plamu. Mwenyekiti: mti wa plamu. Bi Kunigunde, akizungumza na mwokaji: mti wa plamu, akanyamaza katikati ya sentensi. Kila aliyepiga aliitazama bastola, kisha akanitazama mimi. Mti umekuwa chujio. Mwokaji alisema kama ni mavuno, mwaka huu tumevuna. Nilikuwa nikitazama viatu vyangu ili nisicheke.

Akaja Gottlieb. Akavaa vizibo vya masikio. Akalenga. Akafumba jicho, akashtuka, akaivuta bastola kushoto upana wa kiganja, kama kawaida yake.

Katikati kabisa. Kitovu hakipo tena, pana tundu.

Kushoto kwake na kulia kwa skrubu yangu vilikutana njiani vikasalimiana. Sikuwa nimelifikiria hilo. Niliwafikiria wote wengine.

Bado nilikuwa na risasi yangu, maana mtoa kibao hupiga wa mwisho. Ningeweza kupita katika tundu lilelile, na mezani tungepimana kwa lenzi. Nikainua bastola. Nikahesabu upana wa kiganja kwenda kushoto. Nikaona mahali ninapotakiwa kulenga.

Kifungo cha kahawia.

Nilijua risasi haitakwenda pale. Nilijua kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Hata hivyo nilikaa na mkono umenyooka mpaka Bi Kunigunde akaniuliza kama najisikia vibaya. Siwezi kumlenga Roswitha. Hata wa rangi. Nikairudisha bastola kwenye gurudumu, nikafyatua.

Mti wa plamu.

Wakagonga meza kwa ngumi kwa ajili ya Gottlieb. Bi Kunigunde alinirudishia bastola, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama ningekuwa mwanawe angeniambia kitu. Sikuuliza kitu gani. Gottlieb alikichukua kibao kwa mikono miwili. Hakuniringia. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Jumapili, 17 Septemba

Nilikuwa dirishani nilipomwona Gottlieb akishuka barabara na kitu kikubwa, cha duara, kimefungwa blanketi. Nikafahamu mara moja. Anakuja kuniringia nyumbani kwangu, Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Nikazima redio, nikajifungia stoo pamoja na chupa za jemu. Akagonga. Akaita, "Hartwig! Najua umo, mzee, sufuria yako inachemka!" Kweli ilikuwa inachemka. Akagonga tena, akasema kitu ambacho sikukisikia vizuri, akaenda.

Viazi vimeungua. Chupa za jemu zina maandishi yake Roswitha. Moja ameandika: *Hii usiigawe*. Nimeifungua nikala kwa kijiko, humo humo stoo.

Jumatatu, 18 Septemba

Shemeji Mechthild amekuja amefura. Amesema ametoka kwa Gottlieb, naye hakuja kuringa hata kidogo. Alikuja kunipa kibao. Tangu mwanzo alitaka kukipata ili anikabidhi, kwa kuwa alijua mimi mwenyewe hata ghala nikiwa ndani yake sitaipiga. Ile habari ya kochi ilikuwa mzaha, anichangamshe, maana chamani waliniona nimekonda. Aliponikosa akakirudisha kwake. Kiko ukumbini, kimeegemezwa ukutani, na mlango wake haufungwi mchana. Niende tu na toroli nikakichukue.

Nikamwambia haiwezekani. Nikikipokea kwa mkono wa Gottlieb, kila nikimtazama mke wangu nitamshukuru Gottlieb. Asubuhi nitamshukuru, jioni nitamshukuru. Hakuna ndoa inayostahimili hilo.

Shemeji akaniuliza basi nataka nini. Nikamwomba anipe usiku mmoja.

Jumanne, 19 Septemba

Mpango uko tayari, na huu hauna kasoro.

Shemeji atachora nakala. Alhamisi Gottlieb anapelekwa kutazamwa kiwiko. Nitaingia na nakala, nitatoka na Roswitha, naye Gottlieb atabaki akijiona mkarimu huku akiwa na nakala. Kila mtu atakuwa na chake.

Shemeji alisema niko huru kupitia mlangoni na kukibeba cha kweli, mwenyewe amenipa, kwa hiyo ninaiba kitu changu na kuacha zawadi. Nikamwambia mambo haya yanahitaji utulivu wa akili. Akakaa akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Anacheka kama dada yake, kwa pua. Akakubali kuchora.

Limebaki jambo moja. Nakala lazima iwe na matundu. Shemeji alipendekeza nitumie keekee. Nikamweleza kwamba keekee hutoboa safi mno, na Gottlieb ana macho. Matundu yatokane na risasi nene, kwa bastola ileile. Ya mti wa plamu hayanisumbui, hayo nayaweza. La katikati ndilo lenye kazi.

Lakini nimelitafakari. Bastola haina hatia, ilimtii Gottlieb. Kilengeo nimekiacha palepale kwenye kulia. Ninachohitaji ni kufumba jicho na kushtuka kama yeye, kushoto, upana wa kiganja. Nimefanya mazoezi asubuhi nzima jikoni kwa mwiko, na sasa nashtuka vizuri sana. Nimemwomba shemeji achore nakala kumi na mbili.